Namna ya Kukodi Gari la Kifahari Lenye Dereva kwa Harusi ya Dar es Salaam

Katika bajeti za harusi nyingi za Dar es Salaam, gari la maharusi huandikwa mstari mmoja tu, chini ya ukumbi, chakula, mapambo na mpiga picha, na kazi ya kulitafuta hupewa mjumbe wa kamati anayesemekana kuwa ana watu wake. Utaratibu huo haufai. Chakula kikichelewa mshereheshaji atawashughulisha wageni, na mapambo yakipungua wachache watagundua, lakini gari la bibi harusi lisipofika, ibada haianzi, na mchungaji mwenye ndoa nyingine saa moja baadaye hana muda wa kuwaongezea. Mwongozo huu unaeleza hatua za kufuata ili gari mlilolilipia lifike, likiwa ndilo hasa mlilolichagua, likiwa na dereva anayeijua kazi yake. Unafaa pia kwa jubilei ya ndoa, kipaimara, mahafali, kupeleka mahari au kumpokea mgeni wa heshima uwanja wa ndege, ingawa shughuli hizo hazina mizunguko mingi kama harusi.

Hatua ya kwanza: andikeni ratiba ya siku nzima kabla ya kumpigia mtu simu

Wengi huanza kwa kuuliza bei, nao huulizwa papo hapo: "Mnalitaka kwa saa ngapi?" Hapo ndipo mtu hujibu kwa kukisia, na makisio hayo ndiyo yanayozaa ugomvi saa tatu usiku, dereva anapodai nyongeza na mweka hazina ameshafunga hesabu. Ratiba iandikwe kwa kurudi nyuma, kuanzia saa ya ibada.

Tuchukue mfano wa ndoa ya Jumamosi, saa nane mchana, katika Kanisa la Azania Front pale Kivukoni, bibi harusi akiwa anapambwa saluni ya Mbezi Beach na sherehe ikiwa katika ukumbi wa Mikocheni. Ili awe mlangoni mwa kanisa saa saba na dakika arobaini, ni vema aondoke saluni saa sita na nusu, kwa kuwa Barabara ya Bagamoyo kupitia Mwenge na Morocco haitabiriki hata siku ya Jumamosi. Gari basi liwe limeegeshwa nje ya saluni saa sita kamili. Kabla ya hapo lilipaswa kuoshwa na kupambwa, kwa hiyo saa ya kuanza kazi ni saa nne asubuhi. Ibada ikimalizika saa tisa na nusu, picha za nje ya kanisa na pongezi za ndugu zitawafikisha saa kumi na robo. Msafara wa matarumbeta kuelekea ufukweni kwa picha nao una muda wake, na jua la Dar es Salaam huzama baada tu ya saa kumi na mbili, tarehe na mwezi vikiongeza au kupunguza dakika kadhaa. Maharusi huingia ukumbini saa moja na nusu au saa mbili usiku, na kama gari linatakiwa liwasubiri hadi mwisho, itakuwa saa sita za usiku.

Hesabu hiyo inatoa saa kumi na nne. Kwa mwenye gari mmoja "siku" ni saa nane, kwa mwingine ni saa kumi na mbili, na saa zinazozidi hutozwa moja moja. Maoni yangu ni kwamba gari la kifahari liachwe liende zake mara maharusi wanaposhuka mlangoni mwa ukumbi, kwa sababu kazi yake ya kuonekana imekwisha, na gari la kawaida lenye dereva mwangalifu liwapeleke hotelini usiku. Fedha inayookolewa hapo inatosha kuongeza hadhi ya gari la mchana au kulipia gari la wazazi, ambalo husahaulika mara nyingi, na wazazi wakaishia kubanana katika gari la shemeji.

Familia za Kiislamu zina ratiba ya namna nyingine. Nikaha ikifungwa msikitini au nyumbani kwa bibi harusi, mwenye safari kubwa ya mchana ni bwana harusi pamoja na wazee wake, na bibi harusi huhitaji gari wakati wa kutolewa nyumbani au wa kwenda kwenye walima. Hapo hakuna haja ya kulipia magari mawili ya kifahari kutwa nzima. Gari moja linalotumika kwa vipindi viwili vilivyoandikwa wazi linatosha.

Hatua ya pili: chagueni gari kwa gauni na kwa njia

Vijana wengi hutaja kwanza jina la gari: Range Rover, Mercedes-Benz S-Class, Land Cruiser V8, au limuzini ndefu nyeupe. Mimi ningeanza na gauni. Gauni lenye duara pana la waya ndani yake linahitaji mlango mpana na sehemu kubwa ya miguu, na gari la chini kama S-Class, kwa uzuri wake wote, humlazimu bibi harusi kuinama sana akiwa na shela na nywele zilizotengenezwa kwa saa nne. Toyota Alphard hudharauliwa na wanaotafuta sifa, lakini mlango wake wa kuteleza, sakafu yake iliyo sawa na nafasi yake ya juu vimewaokoa mabibi harusi wengi dhidi ya gauni kukunjamana. Range Rover na Land Cruiser zina nafasi, ila ni ndefu kupanda. Msimamizi wa kike awe na kigoda cha kukanyagia au mkono wa kumshikia.

Baada ya gauni, tazameni njia. Limuzini iliyorefushwa hufika mita nane na zaidi, na kwa kuwa magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yako mbali sana, tumbo lake hukwaruza kwenye matuta ya barabara za mitaani, nayo matuta hayo ni mengi. Haiwezi kukata kona za Magomeni au Kariakoo ambako magari yameegeshwa pande zote mbili, na haitaingia katika uchochoro wa kwa bibi Temeke. Kama bibi harusi anatolewa nyumbani na nyumba iko ndani ya mitaa, pimeni njia hiyo kwa gari la kawaida kwanza, mkihesabu mahali pa kugeuzia. Limuzini nyingi zilizoletwa kutoka Marekani zina usukani wa kushoto, na baadhi yake mlango mkuu wa abiria uko upande wa kulia, yaani upande wa magari yanayopita. Ulizeni jambo hilo mapema, maana bibi harusi anapaswa kushukia kushoto, upande wa kando ya barabara, ambako zulia na ndugu wanamsubiri.

Umri wa gari nao una maana. Magari ya kifahari yenye sapota za hewa, yaani mifuko ya hewa inayobeba gari badala ya springi, huendesha kwa ulaini usio na mfano, lakini yakizeeka sapota hizo huvuja, na gari hukutwa limelala chini upande mmoja asubuhi ya siku yenyewe. Afadhali Toyota Crown iliyotunzwa vizuri kuliko S-Class iliyochoka.

Hatua ya tatu: mjueni mwenye gari

Sehemu kubwa ya magari ya kifahari yanayokodishwa jijini ni mali ya watu binafsi, nayo hupitia kwa dalali mmoja, wawili, na wakati mwingine watatu, kila mmoja akiongeza chake juu ya bei. Ubaya wa mlolongo huo ni kwamba picha mliyoonyeshwa kwenye simu huenda ni ya gari ambalo dalali hajawahi kuligusa, na siku ikifika italetwa "inayofanana nayo", yenye rangi nyingine na viti vilivyochanika. Dawa yake ni moja: nendeni mkalione gari lenyewe, mchana, mkae ndani, na mwandike namba yake ya usajili.

Mkiwa hapo, washeni kiyoyozi na kukiacha kifanye kazi kwa dakika ishirini injini ikiwa inanguruma bila gari kutembea. Kiyoyozi cha gari linalotembea hupoza vizuri, lakini msafara wa harusi hutembea polepole au kusimama, na hapo ndipo kibovu hujulikana. Fungueni na kufunga kila mlango, shusheni vioo, na tazameni chini ya gari kama kuna mafuta yanayovuja.

Kisha hakikini nyaraka. Nchini Tanzania gari la biashara lina kibao cheupe chenye maandishi meusi, na gari binafsi lina kibao cha njano. Kibao cha njano kwenye gari la kukodi ni dalili ya kuuliza maswali mawili: je, lina leseni ya LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ya kubeba abiria kwa malipo, na je, bima yake inahusu matumizi hayo? Bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza kukataliwa na kampuni pale ajali inapotokea gari likiwa limekodishwa, na wanaoumia ni maharusi wenyewe. Uhai wa bima huangaliwa mtandaoni kwa namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na madeni ya faini za barabarani huangaliwa katika mfumo wa Jeshi la Polisi. Ni kazi isiyozidi dakika kumi, na askari hatakuwa na sababu ya kuuzuia msafara wenu pale Mwenge kwa faini za mtu mwingine.

Kama gari mmeazimwa na mjomba au bosi wa kazini, ni heri, na ndiyo desturi yetu ya kusaidiana. Hata hivyo dereva asiwe mmoja wa waalikwa. Mwalikwa atataka kupiga picha, kucheza na kupokea kinywaji, na ni haki yake.

Hatua ya nne: ulizeni swali la Jumamosi

Jumamosi moja ya Desemba gari lilelile linaweza kuwa limeahidiwa kwa ndoa ya asubuhi Tabata, ya mchana Oysterbay na sendofu ya jioni Kimara. Mwenye gari haoni kosa, kwa kuwa kwenye karatasi saa hazigongani. Zinagongana barabarani. Ulizeni waziwazi: "Siku hiyo gari lina kazi nyingine kabla yetu?" Likiwa nayo, dai langu ni kwamba pawepo angalau saa tatu kati ya kazi hiyo na yenu, au mtafute lingine.

Msongamano huu hufuata kalenda. Wakatoliki kwa kawaida hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo wiki za kabla yake na zile za baada ya Pasaka hujaa, kama vile Shaabani hujaa kabla ya mfungo wa Ramadhani na Shawwal baada ya Idi. Desemba hujaa kwa sababu ndugu wa mikoani na wa nje ya nchi wako likizo. Kwa tarehe za majira hayo, gari likamatwe miezi mitatu au minne mapema. Kwa nyakati nyingine wiki sita zinatosha.

Hatua ya tano: wekeni makubaliano kwenye karatasi

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na najua ndiyo inayorukwa kwa sababu mwenye gari "ni mtu wetu". Mtu wenu hatachukia kuandika. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha, mradi itaje namba ya usajili ya gari na rangi yake, jina na simu ya dereva, mahali na saa ya kuripoti, saa ya kumaliza, vituo vyote vya siku, na bei iliyokubaliwa pamoja na kilicho ndani ya bei hiyo: mafuta, posho ya dereva, mapambo, maegesho, na tozo ya Daraja la Nyerere kama sherehe iko Kigamboni. Saa ya ziada itajwe bei yake kwa tarakimu. Andikeni kama kodi ya ongezeko la thamani imo au itaongezwa, na kwamba mtapewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi.

Vipengele vitatu vinastahili maneno zaidi. Cha kwanza ni gari mbadala. Gari lolote linaweza kuharibika, hata jipya, na suala ni nani atakayehangaika siku hiyo. Mkataba useme kwamba mwenye gari ataleta lingine la hadhi hiyohiyo au zaidi, bila nyongeza, ndani ya muda uliotajwa, na lile mbadala litajwe kwa namba yake. Anayeshindwa kulitaja hana.

Cha pili ni kuahirisha. Katika jamii zetu msiba wa mzee mmoja unaweza kusogeza harusi kwa wiki kadhaa, na hakuna anayelaumiwa. Kubalianeni kwamba kwa sababu ya msiba arubuni haitapotea, itahamia tarehe mpya kama gari lina nafasi.

Cha tatu ni uharibifu. Ajali ya barabarani ikisababishwa na dereva ni ya mwenye gari na bima yake. Keki kwenye viti vya ngozi, kioo kilichochorwa na rangi, au antena iliyovunjwa na vijana wakishangilia ni yenu. Pigeni video fupi ya gari lote, ndani na nje, linapofika na linapoondoka, mbele ya dereva.

Arubuni isizidi nusu ya bei. Ilipwe kwa Lipa Namba au akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye karatasi. Jina likiwa la mtu mwingine, simamisheni malipo hadi mpate maelezo. Salio lilipwe gari likishafika, kabla ya safari ya kanisani, ili pasiwe na madai ya fedha mbele ya wageni.

Hatua ya sita: zungumzeni na dereva mwenyewe

Mwenye gari huwa hayupo siku ya harusi. Aliyepo ni dereva, na heshima ya shughuli imo mikononi mwake. Akutane na msimamizi wa usafiri wa kamati, mtu mmoja tu, ambaye ndiye pekee mwenye mamlaka ya kumwelekeza. Dereva anayepigiwa simu na shangazi, mpiga picha na mshereheshaji kwa wakati mmoja hataweza kumtii yeyote. Aoneshe leseni yenye daraja la kubeba abiria. Ulizeni alifanya kazi gani usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa maana aliyetoka Dodoma alfajiri hafai kuendesha. Apite njia yote siku mbili kabla, akijua pia njia ya pili: Daraja la Tanzanite badala ya Selander, au Kilwa Road kuepukwa kabisa wakati wa maonesho ya Sabasaba, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai. Masika yakiwa yamechanganya, mtu asipange kupita Jangwani bila njia mbadala. Misafara ya viongozi nayo hufunga barabara bila kumtangazia mtu.

Kuna mambo ambayo dereva mzuri huyakataa, na kamati imuunge mkono. Asikubali maharusi wasimame kwenye uwazi wa paa gari likiwa linatembea. Asikubali kuingia njia ya mwendokasi kwa kuwa "leo ni harusi". Asisimamishe msafara katikati ya daraja kwa ajili ya picha. Mikanda ifungwe hata juu ya gauni. Msimamizi wa kike ataunyoosha mkunjo wake kwa kiganja.

Naye atunzwe. Apewe maji, apewe sahani ya chakula cha ukumbini kabla wageni hawajamaliza, na aambiwe mapema ataegesha wapi. Dereva aliyesahauliwa njaani tangu saa nne asubuhi hawezi kutabasamu saa mbili usiku.

Hatua ya saba: mapambo na kupanda gari

Maua na riboni zishikwe kwa vinyonyeo vya mpira au zifungwe kwa mishipi laini. Gundi na selotepu hubandua rangi ya gari likikaa juani. Wavu wa mbele usifunikwe, kwani gari linalotembea taratibu na kiyoyozi kikiwa kimewashwa linahitaji hewa hiyo ili injini isichemke. Maua mabichi juu ya boneti hunyauka ndani ya saa mbili kwa joto la chini na la juu, kwa hiyo yawekwe ya kitambaa, na mabichi yabaki mkononi mwa bibi harusi. Kibao cha namba kisifichwe na bango la majina ya maharusi.

Ndani ya gari litandikwe shuka safi jeupe sakafuni, na pawekwe mwavuli mkubwa, maji, leso, pini, sindano na uzi. Bibi harusi aingie kwa kutanguliza mgongo: akae kwanza ukingoni mwa kiti, ageuze miguu, kisha msimamizi akusanye mkia wa gauni na kuuweka juu ya magoti yake. Wakati wa kushuka mpangilio ugeuzwe, mkia utangulie nje ukishikwa, miguu ifuate. Wafanye zoezi hilo mara moja siku wanapokwenda kulikagua gari, hata kwa khanga iliyofungwa kiunoni.

Hatua ya nane: kabla dereva hajaondoka

Maharusi wakishashuka ukumbini, msimamizi wa usafiri alipekue gari yeye mwenyewe, buti, chini ya viti na mifuko ya milango. Vinavyosahaulika zaidi ni bahasha za pongezi zilizotolewa nje ya kanisa, viatu vya kubadilisha, chaja, shela iliyovuliwa, na cheti cha ndoa, ambacho mtu hukiweka kwenye droo ya mbele ili kisikunjike. Apige video ya pili, asaini na dereva saa ya kumaliza kwenye nakala zote mbili za makubaliano, alipe saa za ziada kama zipo kwa bei iliyoandikwa, na apokee risiti hapo hapo, kwa kuwa mweka hazina ataihitaji kamati itakapokutana kuvunja.